Namna ya Kukusanya Maoni ya Wanachuo Kuhusu Ufundishaji wa Ana kwa Ana na wa Mseto Katika Kozi za Vitendo

Vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la UVIKO-19 na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huo. Kabla ya hapo, swali la kama masomo ya vitendo yanaweza kufundishwa kwa sehemu mtandaoni lilikuwa zaidi la wahadhiri wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kimejengwa juu ya elimu ya masafa. Baada ya hapo likaingia katika vikao vya idara za kemia, uuguzi, uhandisi na upimaji ardhi. Idara hizo huwauliza wanachuo maoni yao, na aghalabu huwauliza swali moja lisilo na msaada: unapendelea kufundishwa ana kwa ana au kwa mseto, yaani sehemu ana kwa ana na sehemu mtandaoni? Majibu yakishahesabiwa, mkuu wa idara hubaki na asilimia ambayo haimwambii abadilishe nini katika ratiba ya muhula ujao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mhadhiri, mkuu wa idara au kiongozi wa serikali ya wanafunzi anayetaka maoni yatakayomsaidia kuamua jambo.

Anza kwa kuivunja kozi

Kozi ya vitendo ni mkusanyiko wa kazi nyingi zinazotofautiana. Chukua zoezi la kawaida la mwaka wa kwanza wa kemia, la kutafuta ukolezi wa asidi kwa kutumia bureti, yaani bomba jembamba la kioo lenye vipimo na koki. Ndani ya saa tatu za maabara kuna maelezo ya mwanzo kuhusu lengo na usalama, kuna onyesho la mkufunzi, kuna kuosha na kujaza vyombo, kuna kufungua koki taratibu mpaka tone la mwisho ligeuze rangi ya kiashiria, kuna kusoma kipimo huku jicho likiwa sawa na usawa wa kimiminika, kuna hesabu, na kuna ripoti inayokabidhiwa wiki inayofuata. Mwanachuo anayesema kwamba anapendelea ana kwa ana huenda anaifikiria koki na tone, ilhali maelezo ya mwanzo, ambayo hutolewa huku watu sitini wamesimama kuzunguka meza moja na wa nyuma hawasikii, angefurahi kuyapata katika video usiku uliotangulia. Mwenzake anayesema kwamba anapendelea mseto huenda anafikiria hayo hayo kabisa. Wawili hao wanakubaliana, lakini dodoso litawaandika kuwa wapinzani.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika swali lolote, keti na fundi sanifu wa maabara au wa karakana mwandike pamoja vipande vya kila zoezi na muda ambao kila kipande huchukua. Nasema fundi sanifu kwa makusudi, kwa sababu mwongozo wa kozi huonyesha muda uliopangwa, naye anajua muda unaotumika kweli, pamoja na ule unaopotea watu wakisubiri zamu ya mizani au ya hadubini. Orodha ya vipande vinane hadi kumi inatosha. Zaidi ya hapo dodoso litachosha na majibu ya mwisho yatajazwa bila kusomwa.

Vipande hivyo hutofautiana kutoka fani moja hadi nyingine, na ni vyema kuvitazama kwa uangalifu kwa sababu ndivyo vitakavyokuwa maswali yako. Katika uuguzi, hatua za kuweka kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, zinaweza kutazamwa na kurudiwa katika simu mpaka zikaririwe, lakini kuupapasa mshipa wa mgonjwa mzee aliyepungukiwa maji mwilini hakuna video inayoufundisha, na sanamu la mazoezi nalo hufundisha kwa kiasi tu. Katika uhandisi wa umeme, programu ya kuiga saketi humruhusu mwanachuo abadilishe thamani za vipinga kadiri apendavyo bila kuunguza kitu, na humo humo ndimo ulimo upungufu wake, kwa kuwa kipinga kinachoungua na kutoa harufu hufundisha tahadhari ambayo kioo cha kompyuta hakiwezi kuitoa. Katika fizikia kuna mazoezi ya kuiga ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, yanayopatikana bila malipo, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kuchomelea vyuma na kukereza hakuhitaji mjadala mrefu: usomaji wa michoro na kanuni za usalama vinaweza kuhama, moto na chuma vibaki karakana.

Eleza mseto ni upi na ana kwa ana ni ipi

Neno mseto halina maana moja vichwani mwa wanachuo. Wako wanaokumbuka faili za PDF zilizomwagwa katika kundi la WhatsApp mwaka 2020 bila maelezo. Wako waliowahi kusoma katika Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, uliopangwa vizuri, wenye video fupi na majaribio ya kujipima. Wako pia wanaodhani kwamba mseto ni njia ya chuo kukwepa kununua kemikali. Ukiwauliza wote swali moja bila kulifafanua, unapima kumbukumbu zao. Andika juu ya dodoso sentensi mbili au tatu zinazoeleza mpango unaoulizwa, kwa mfano kwamba maelezo ya mwanzo na onyesho vitawekwa Moodle siku tatu kabla ya zoezi, kwamba jaribio fupi la usalama litafanywa huko huko, na kwamba saa zote tatu za maabara zitabaki kwa ajili ya kushika vifaa. Kama saa za maabara zitapunguzwa, sema wazi kwamba zitapunguzwa na kwa kiasi gani. Huo ni mpango tofauti kabisa, na wanachuo wana haki ya kuujua kabla hawajaombwa kuuunga mkono.

Upande wa ana kwa ana nao unahitaji ufafanuzi huo huo, na hapa ndipo tafiti nyingi za idara zinapoteleza. Hulinganisha mseto uliopo, pamoja na mtandao unaokatika na video isiyosikika, na maabara ya kwenye picha, ambamo kila mwanachuo ana bureti yake. Maabara iliyopo ina kundi la watu wanane kwenye seti moja ya vifaa: wawili wanafanya, mmoja anaandika, waliobaki wanatazama na kunakili takwimu baadaye hosteli. Kuwa chumba kimoja na kifaa hakumaanishi kukishika. Uliza basi kwa uwazi: katika zoezi la mwisho ulilofanya, uliendesha kifaa mwenyewe, ulisaidia, au ulitazama? Swali hilo moja laweza kukuambia mengi kuliko kurasa mbili za maswali ya kuridhika. Wanachuo wengi wakijibu kwamba walitazama, tatizo la kwanza la idara ni ukubwa wa makundi, na mjadala wa mseto unapaswa kuanzia hapo: je, kuhamisha maelezo kwenda mtandaoni kutawezesha darasa ligawanywe zamu mbili?

Kuandika maswali yenyewe

Kwa kila kipande cha kozi weka swali moja, na majibu yake yawe katika mizani ya ngazi tano, kuanzia kufaa zaidi ana kwa ana hadi kufaa zaidi mtandaoni, huku ngazi ya kati ikimaanisha kwamba zote mbili zinafaa sawa. Kando ya mizani hiyo weka chaguo la sita: sijawahi kukifanya kipande hiki. Bila chaguo hilo, asiyejua atachagua ngazi ya kati, nawe utahesabu kutojua kama kutokuwa na upande.

Epuka swali linalobeba mambo mawili. Swali kama vile je, video na majaribio ya mtandaoni yalikusaidia haliwezi kujibiwa na mtu aliyesaidiwa na video na kuudhiwa na majaribio. Epuka pia swali linalomwonyesha mjibuji jibu linalotakiwa. Ukianza kwa kusema kwamba dunia inaelekea kwenye teknolojia, utapata makubaliano ya adabu. Wanachuo wetu wamelelewa kumheshimu mwalimu, na heshima hiyo, iliyo njema mahali pengine pote, huharibu dodoso.

Maswali ya mwenendo yana nguvu kuliko maswali ya mapendeleo. Badala ya kuuliza kama video zilikuwa nzuri, uliza kama alimaliza kuitazama video ya zoezi la tatu kabla ya kuingia maabara, na kama hakumaliza, sababu ilikuwa nini: bando, muda, kutojua kwamba ipo, au kuona haihitajiki kwa kuwa mkufunzi angeyarudia yale yale. Sababu hiyo ya mwisho hujitokeza mara kwa mara na ni kosa la mkufunzi, si la mwanachuo.

Lugha ya dodoso inastahili uamuzi wa makusudi. Ufundishaji wa vyuo vikuu vya Tanzania ni kwa Kiingereza, na madodoso huandikwa kwa Kiingereza kwa mazoea; lakini malalamiko, mashaka na mizaha ya wanachuo hao hufanyika kwa Kiswahili. Weka maswali kwa lugha zote mbili, na katika nafasi ya maelezo huru sema wazi kwamba mtu anaweza kujibu kwa lugha anayoitaka, hata kwa kuchanganya. Kisha lijaribu dodoso kwa wanachuo wachache wa darasa jingine, ukiwaomba wakueleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini. Swali ambalo wawili wamelielewa kwa namna mbili liandikwe upya.

Hali ya mjibuji kabla ya maoni yake

Mapendeleo ya mwanachuo hayatenganishwi na mahali anapolala. Anayekaa hosteli ya chuo, hatua chache kutoka kwenye mtandao wa maktaba, na anayepanga chumba mtaani, anayepanda daladala mbili na kununua bando kwa fedha ile ile ya chakula, wanaweza kutoa majibu yanayopingana kuhusu video ile ile, na wote wakawa sahihi. Wa mtaani anaweza kuupenda mseto kwa sababu unampunguzia nauli, au kuuchukia kwa sababu unamwongezea gharama ya bando. Huwezi kujua mpaka uulize. Weka basi maswali machache ya hali: makazi, kifaa anachotumia kusomea, kama ni simu janja pekee au anayo pia kompyuta mpakato, njia anayopata intaneti, kama ana kazi au mtoto wa kulea, na kama ana ulemavu wa kuona, kusikia au wa viungo unaoathiri kazi ya maabara. Uliza pia ni wakati gani wa muhula bando humwishia. Kwa wanaotegemea fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, wiki za kusubiri boom, kama wanavyoziita fedha hizo, ni wiki ambazo video haifunguki, na kipande cha mtandaoni kilichopangwa wiki hizo kitaonekana kibaya hata kama kimetengenezwa kwa ustadi.

Hoja hii inagusa pia njia ya kukusanyia majibu. Fomu ya mtandaoni ni rahisi kwa mkusanyaji, lakini kuuliza kwa intaneti kuhusu ugumu wa intaneti ni kuwaondoa mapema wale ambao ungetaka zaidi kuwasikia. Njia bora kwa kozi ya vitendo ni karatasi inayogawiwa maabara mwishoni mwa zamu, kabla watu hawajavua makoti, au kishikwambi chenye programu ya KoboToolbox, ambayo hupokea majibu bila mtandao na kuyatuma baadaye.

Nani aulizwe, na lini

Tasnifu nyingi za hapa kwetu hutumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 kupata ukubwa wa sampuli. Kwa darasa la wanachuo 180 na kiwango cha kosa cha asilimia 5, kanuni hiyo hutoa watu 125. Katika utafiti wa mkoa mzima hesabu hiyo ina maana. Katika darasa linalokutana chumba kimoja, kuwauliza wote 180 ni kazi nyepesi kuliko kueleza kwa nini 55 wameachwa. Uliza darasa zima, kisha fuatilia waliokosekana siku hiyo, kwa sababu watoro wa maabara wana sababu zinazohusika moja kwa moja na swali lako.

Usiishie kwa darasa linalosoma kozi hiyo sasa. Wanachuo waliorudi kutoka mafunzo ya vitendo viwandani au wodini wana maoni yenye uzito wa pekee, maana wamekwisha kuonyeshwa na kazi yenyewe ni ujuzi gani walikwenda nao na ni upi ulipungua. Wa mwaka wa kwanza atakuambia alichokifurahia, naye wa mwaka wa tatu atakuambia kilichomkwamisha mbele ya msimamizi wake.

Kuhusu wakati, epuka wiki ya mitihani, na epuka zaidi siku zinazofuata matokeo, wakati ambapo mwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, huona kila kitu kuwa kibaya. Kukusanya mara mbili kunafaa: mara ya kwanza ndani ya wiki moja baada ya zoezi la kwanza la mseto, kumbukumbu ikiwa mbichi, na mara ya pili mwishoni mwa muhula, ugeni wa njia ukiwa umekwisha.

Kumpa mwanachuo nafasi ya kusema kweli

Mwanachuo hatamkosoa mhadhiri anayesahihisha mtihani wake ikiwa anadhani mwandiko wake utatambuliwa. Mhadhiri wa kozi asigawe wala asikusanye karatasi. Kazi hiyo apewe mtu wa idara nyingine, na karatasi zitumbukizwe ndani ya sanduku lililofungwa. Usiombe namba ya usajili. Kama unahitaji kuoanisha majibu ya awamu mbili, mwambie kila mtu atunge alama yake ya siri ya herufi na tarakimu chache. Tahadhari hii ni ya kisheria pia: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na taarifa za afya au ulemavu wa mtu zinahitaji uangalifu wa ziada. Ukikusudia kuchapisha matokeo nje ya idara, pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako kabla ya kuanza, kwa kuwa kibali hakitolewi kwa data iliyokwisha kukusanywa.

Dodoso likionyesha kipande ambacho majibu yake yamegawanyika vikali, itisha majadiliano ya vikundi vya watu sita hadi wanane kuhusu kipande hicho tu. Changanya kwa uangalifu. Mwakilishi wa darasa akiwepo, wengine humwachia yeye aseme, kwa hiyo msikilize peke yake siku nyingine. Katika maabara za fani zenye wanaume wengi, tenga kikundi cha wanawake, kwa maana swali la nani hushika kifaa na nani huandika takwimu mara nyingi hupata jibu humo na si kwingine. Usianze kwa kuuliza maoni. Omba mmoja aeleze zoezi la wiki iliyopita tangu alipofungua Moodle mpaka alipotoka maabara, na wenzake wamsahihishe au waongeze.

Kuyasoma majibu

Usitafute wastani wa mizani ya ngazi tano. Kipande ambacho nusu ya darasa imekipa ngazi ya kwanza na nusu ngazi ya tano hutoa wastani wa 3, sawa na kipande ambacho kila mtu amekiona cha kati, na hali hizo mbili zinahitaji maamuzi tofauti. Onyesha idadi ya waliochagua kila ngazi, kisha zitenganishe kwa makazi, kwa kifaa na kwa aliyeendesha au aliyetazama. Mara nyingi mgawanyiko mkali hupata maelezo hapo hapo.

Halafu kumbuka mpaka wa data yako. Maoni ya mwanachuo ni ushahidi mzuri kuhusu gharama, muda, vikwazo na hamu. Kuhusu kiasi alichojifunza, ni ushahidi dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard ulionyesha kwamba waliofundishwa kwa kushirikishwa walifanya vizuri zaidi katika jaribio, ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha. Uchambuzi wa Wizara ya Elimu ya Marekani wa mwaka 2010 nao ulikuta mchanganyiko wa njia mbili ukiwa na matokeo bora kidogo kuliko darasa peke yake, lakini ukatahadharisha kwamba makundi ya mchanganyiko mara nyingi yalipata muda na vifaa vya ziada. Kwa hiyo uliza saa ambazo kila mtu alizitumia kwa wiki, na uyaweke maoni kando ya kipimo cha ujuzi. Vyuo vya afya vinacho tayari, yaani mtihani wa vituo uliobuniwa na Ronald Harden huko Dundee na kuelezwa mwaka 1975, ambamo mtahiniwa hupita meza hadi meza akitenda mbele ya msahihishaji mwenye orodha ya hatua. Idara za sayansi na uhandisi zinaweza kujitengenezea vituo vinne au vitano vya aina hiyo kwa gharama ndogo: soma kipimo hiki, unga saketi hii, andaa kioo cha hadubini. Kipande ambacho wanachuo wamekisifia mtandaoni na mikono yao imeshindwa kukitenda kituoni kirudi maabara, hata kama kura zinasema vinginevyo; na kipande walichokilalamikia wakakitenda vizuri kinahitaji kurekebishwa uwasilishaji wake, kisihamishwe.

Matokeo yarudishwe kwa darasa lililoyatoa kabla muhula haujaisha, katika ukurasa mmoja wa kubandikwa ubao wa matangazo na kuwekwa Moodle. Ukurasa huo utaje vipande vitakavyohamia mtandaoni, vitakavyobaki maabara, vitakavyosubiri fedha na jina la cheo cha anayezifuatilia, na maombi yaliyokataliwa pamoja na sababu yake. Dodoso lenyewe litunzwe bila kubadilishwa neno, ili darasa la mwaka ujao liulizwe maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Maswali mapya, yakiwepo, yaongezwe mwishoni.